Rangi Isiyopakwa ya Kihesa

Mgeni rasmi, Dkt. Jackline Mwaisaka, mkurugenzi wa mradi; mwalimu wetu Liberatus; ndugu zetu wote mliofika, tunawasalimu kwa Kihehe: kamwene.

KARIBU
Sisi wanawake wa Kikundi cha Mng'ao tumefurahi kukuona karakanani kwetu. Baridi ya leo utusamehe. Chai ya tangawizi ipo.

TULIKOTOKA
Zamani tulikuwa tunasuka vikapu. Wengi wetu hatukumaliza shule ya msingi. Mwaka juzi ulituletea mashine hii ya leza, mwalimu akatufundisha. Inapiga chuma kwa mwanga, kila pigo fupi kuliko tunavyoweza kusema, na kuacha mistari midogo ambayo jicho haliioni. Mistari hiyo inaugawa mwanga, kama upande wa chini wa sidii ya muziki ukiushika juani, ndipo tunaona bluu, zambarau na kijani. Hakuna rangi iliyopakwa.

MAFANIKIO
Tunatengeneza bangili, vibao vya milangoni, na majina ya misalaba ya makaburini ambayo mvua haiyafifishi. Wateja wanatoka hadi Makongolosi. Watoto wetu wanasoma.

CHANGAMOTO
Kwa kuwa rangi hii haikupakwa, tuliwaambia wateja haibanduki. Mama Veneranda wa Kilolo akaturudishia mfuniko wa sufuria.

"Nyie wasichana, mbona rangi imekwenda na majivu?"

Tukamuuliza alisugulia kitu gani.

"Kwa stili waya. Mlitaka nisugue kwa kitenge cha kanisani?"

Tulicheka naye, tukaupiga upya bure. Sasa ameutundika sebuleni, na wageni hawaruhusiwi kuugusa. Tangu hapo tunasema ukweli wote: haipauki, ila haitaki kusuguliwa.

Umeme nao ukikatika tukiwa katikati ya kuchora ua la bangili, ua linabaki nusu. Hilo tumelizoea.

Lingine hatujalizoea. Tumesikia mradi unaisha mwezi wa sita na mashine itahamia Mbeya. Hatuna ugomvi na Mbeya, mgeni rasmi. Huko ni kwenu, na wanunuzi wetu wengine wako huko. Lakini sisi tutarudi kwenye vikapu, na vikapu tulishawaachia wadogo zetu.

OMBI
Tulibishana nani alitamke ombi letu. Mimi niliyepewa kusoma ndiye mwenye aibu kuliko wote, nikaomba tuliandike kwenye chuma.

Tafadhali pokea kibao hiki. Ukikishika wima utaona jina lako kwa bluu. Mistari mingine tumeipiga ikielekea upande wa pili. Sogea nacho dirishani, ukiinamishe kidogo kushoto. Jina litafifia, na mahali pake yatawaka maneno mawili. Hayo ndiyo ombi letu. Sisi tutakumiminia chai wakati unayasoma.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na siku akikurudisha Kihesa, ukute mashine hii bado ina moto.

Ni sisi, Kikundi cha Mng'ao, Kihesa, Iringa.
Imesomwa na Faustina Kikoti.