Gololi Iliyotulia

Kwenye basi la Holtenrode, binti wa kiti cha mbele alikuwa akimwonyesha mzee asiyemjua picha ya nyumba kwenye simu. Roswitha, aliyekaa nyuma yao, aliitambua papo hapo: ilikuwa yake, ile anayoiuza kupitia dalali. Akatega masikio bila haya.

"Uliweka gololi sakafuni?" mzee akauliza, maana hapa hakuna anayekagua nyumba bila gololi mfukoni, ya kuona kama sakafu imepinda.

"Niliweka, babu. Ikatulia tuli!"

Roswitha kichwa kikamvimba.

"Basi achana nayo. Mimi nimechimba makaa ya mawe chini ya mtaa huo, ni mashimo matupu. Nyumba iliyopinda imeshamaliza kuzama. Hiyo yako bado inasubiri zamu."

"Hee! Yaani ninunue iliyopinda?"

"Kwangu supu hujaa upande mmoja wa sahani, na usingizi nalala fofofo."

"Babu, wewe umezoea kulala kwenye mteremko!"

Basi likasimama. Binti akashuka huku anacheka, dalali aliyekuwa akimsubiri kituoni akimpungia mkono. Kituo hicho ndicho cha Roswitha pia, lakini yeye alihamia kiti cha mbele, akamgusa mzee begani.

"Samahani, mzee mwenzangu," akanong'ona. "Hiyo zamu huwa inafika lini?"