Njano ya Kioo

Asubuhi ya mwisho iliyofanana na nyingine, Yasue aliigeuza lenzi dirishani ielekee jua, akaifuta vumbi kwa ncha ya aproni, akasema, "Zimebaki siku tisa." Kisha akaenda kuosha mchele, akaanguka hapo hapo kwenye sinki. Hiyo ilikuwa Aprili. Sasa ni Oktoba, na mumewe Tadokoro, mwalimu mstaafu wa upimaji ardhi, amerudi kwenye benchi la mbele ya duka la kamera kuukuu pale mtaani Nakano, kando ya mashine ya kahawa ya makopo. Kushoto kwake yuko Pembe, ambaye kila picha huikagua pembe zake nne kwanza. Kulia yuko Ukungu, mnunuzi wa lenzi zilizoota kuvu ambazo hakuna mwingine anayezitaka. Magotini Tadokoro ana picha mbili za marehemu mkewe. Zote zilipigwa Machi, kwenye benchi hili, zikipishana dakika moja: ya kwanza kwa lenzi yake ya zamani, ya pili kwa toleo jipya la lenzi ile ile, ambalo Pembe alimwazima ili walinganishe.

— Nichagulieni moja ya kuweka kwenye madhabahu yake kule nyumbani, alisema Tadokoro. Ile ya mazishini ilikuwa ya pasipoti. Hata yeye aliichukia.

— Ya zamani, bwana! Hata hatujadili, alisema Ukungu. Mwone shemeji alivyoiva. Kama amekaa ndani ya asali.

— Asali gani? Hiyo chai ya juzi, alisema Pembe. Toleo la kwanza lina madini yenye mionzi ndani ya kioo, kikizeeka kinageuka njano, na dawa yake ni jua. Lenzi mgonjwa hiyo. Tazama hii mpya: maandishi ya ukutani unayasoma mpaka pembeni kabisa.

— Kwani watu wanapiga magoti madhabahuni wasome ukuta?

— Nasema lenzi ni nzima.

— Nzima, lakini haina roho. Ya zamani imekula mwanga miaka hamsini, na mwanga wote umo humo ndani, haujatoka. Hiyo njano ni kumbukumbu. Ndiyo maana nilikataa isianikwe juani. Mlikuwa mnaifuta akili!

— Acha kamba zako, wewe, alitania Pembe. Njano waliitia makusudi. Mafundi wa zamani walikuwa na wake wakali, hawataki kuona makunyanzi yao pichani.

— Umeyapata wapi hayo?

— Mkeo kaniambia.

Tadokoro alikaribia kucheka. Yasue naye alikuwa akilalamika: "Kwenye picha zako nimekuwa kama tunda la kaki lililoanikwa, la rangi ya chungwa, limejaa makunyanzi." Machi ile, picha hizi mbili ziliposafishwa, alizitandaza mezani akaziinamia kwa muda mrefu. "Macho yangu yamekuwa ya njano," alisema. Tadokoro alikuwa anahesabu mistari ya matofali meupe kwenye pembe ya picha. Alimjibu bila kuinua kichwa: "Njano ni ya kioo."

Kwa hiyo wakaitibu lenzi. Yasue mwenyewe aliikalisha juu ya karatasi ya alumini dirishani, mwezi mmoja wa jua, kama Pembe alivyoelekeza, na kila asubuhi akaigeuza. Baadaye, hospitalini, daktari aliuliza kama nyumbani hawakuona dalili yoyote ya ugonjwa wa ini. Tadokoro alisema hapana.

— Weka ya zamani, alisema Ukungu, kwa sauti ya chini sasa. Pale alikuwa mzima.

— Pale hatumwoni, alisema Pembe. Weka mpya.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja kopo lake lidondoke kwenye mashine alikuwa amesikia yote. Aliinama kidogo.

— Samahani, wazee wangu. Ipi ndiyo ya lenzi nzima?

— Hii hapa, binti, alisema Pembe, akimpa. Tazama hizo pembe.

Mwanamke aliitazama.

— Kikombe alichoshika ni cheupe, alisema. Na ukuta ni mweupe. Sasa mbona macho yake ni ya njano?

Pembe aliichukua picha. Kwa mazoea alianza juu kushoto, akaenda juu kulia, akashuka. Kisha, polepole, kama mtu anayesogea kwenye mlango asiotaka kuufungua, akafika katikati. Akabaki hapo.

— Labda filamu, alisema Ukungu. Filamu ikipitwa na wakati...

— Filamu ni moja, alisema Tadokoro. Kikombe nacho kingegeuka njano.

Ukungu alisogeza uso karibu na picha, akakitazama kikombe.

— Siku ile mimi nilisifu maandishi, alisema Pembe. Niliishika hii picha, Tadokoro. Nikasifu maandishi.

Mwanamke aliomba radhi tena, ingawa hakujua kwa kosa gani, akaondoka na kopo lake likiwa halijafunguliwa. Kahawa yao ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyenyanyuka kununua nyingine.

Asubuhi iliyofuata jua liliingia dirishani kama kawaida. Tadokoro hakuigeuza lenzi, iliyokuwa bado pale tangu Aprili. Aliosha mchele, akapika, akaweka kibakuli cha wali na chai madhabahuni. Ndani ya fremu alitia picha ya toleo jipya. Akapiga magoti mbele yake, akavaa miwani, akaanzia katikati.