Miaka Ishirini na Tisa ya Ticha Suzete na Neno Moja la Kiingereza

Ijumaa hii, tarehe 12 Desemba 2025, Mwalimu Suzete Nkalamba anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha Kiingereza, na katika hiyo, miaka sita hakufundisha Kiingereza hata neno moja. Hiyo sita ndiyo iliyonifanya niombe kuandika wasifu huu, mimi Abdulcarimo, niliyekuwa naibu mkuu wa shule yetu hapa Palma, Msumbiji. Ndani ya faili lake mna karatasi ya onyo. Isipotoka kabla sherehe haijaisha, atastaafu nayo, na mwenye kustahili onyo lile ni mimi. Nina miaka themanini na moja, moyo wangu unapiga siku unapojisikia, na sanda iko tayari sandukuni. Sina muda wa kuzungukazunguka.

Lakini tuanze na sifa. Suzete alishuka kutoka Mueda mwaka 1997, na begi moja na sauti iliyozoea kuitana bonde kwa bonde. Yeye Mmakonde, mimi mtu wa pwani, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hata ya kusalimiana. Siku ya kwanza nilimwambia afute viatu, kwani amefika kwa waungwana. Akajibu mbele ya walimu wote: "Waungwana gani, Mzee, mbona wananuka papa?" Tukaelewana hapo hapo.

Kila darasa jipya alilifundisha neno moja tu wiki nzima: fine. Watoto wote walikuja wakijua kuimba kwamba wao ni fine, hata wenye malaria. "Mnajua robo yake," aliwaambia. Kisha akawaonyesha kwamba multa tunayotozwa na polisi ni fine, unga uliochekechwa ukalainika ni fine, uzi mwembamba ni fine, na siku isiyo na wingu ni fine. "Na mkeo akisema fine halafu akaondoka jikoni," aliwaambia wavulana, "omba radhi kwanza, kosa utalijua baadaye." Rafique, mwanafunzi wake, siku moja kwenye ujenzi alisikia mgeni akitaka mchanga fine. Wenzake walianza kujitetea kwamba hawajavunja sheria yoyote. Yeye akachukua chekecheo. Leo ni msimamizi wao.

Mwaka 2003 watoto walimuuliza neno hilo limetoka wapi. Akaja kuniuliza mimi, maana nilikuwa mtu wa vitabu, na mtu wa vitabu hajui kusema "sijui". Nikamwambia limetoka kwetu. Ndugu zetu wa Mtwara wanasema faini, nikasema, na Waingereza walilichukua Kilwa wakaenda nalo kwao. Mambo yalikuwa kinyume kabisa: faini ndiyo iliyotoka kwa Waingereza. Akanitazama. "Mzee, huu si utani?" Nikamjibu, "Kwenye elimu mimi sitanii."

Sikuishia hapo. Uongo ulininogea. Kwenye rasimu ya mtihani wa muhula niliongeza swali la tano kwa mwandiko wangu, wanafunzi waeleze jinsi Waingereza walivyolipata neno fine Kilwa. Wanafunzi arobaini na mmoja walijibu vizuri sana.

Mkaguzi alikuja kutoka mkoani. Alisoma swali la tano akacheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena hakuwa anacheka. Akauliza nani ametunga. Mtihani uliochapwa ulikuwa na jina la Suzete, na rasimu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema, "Huyu mtani wangu, Bwana Mkaguzi. Wamakonde hawa hawaachi masihara." Chumba kizima kikacheka. Suzete hakucheka, wala hakunisema, kwa sababu kwetu mtani hashitakiwi. Nililijua hilo, nikajificha ndani ya desturi kama panya ndani ya gunia la mpunga. Yeye akapewa onyo la maandishi na uhamisho wa kwenda Quionga, kufundisha darasa la kwanza a, e, i, o, u kwa Kireno.

Akiwa huko Quionga alivuka mto Ruvuma, akaenda Mtwara, akanunua kamusi nene kama tofali, akarudi nayo imeviringishwa kwenye kanga. Humo alikuta kwamba fine ni mjukuu wa neno la Kilatini lenye maana ya mwisho, ukoo mmoja na fim ya Kireno. Kitu kilichofikishwa mwisho wake kimekuwa kizuri, kikichongwa sana kinakuwa chembamba, na malipo ya kumaliza kesi nayo yakachukua jina hilo hilo. Aliporudi kwetu mwaka 2009 aliingia darasani akasema, "Niliwahi kuwafundisha kaka zenu uongo. Kaeni niwape ukweli." Hakusema uongo aliupata kwa nani. Mwaka 2021, vita vilipotukimbiza Palma, aliacha godoro, akabeba kamusi. Kambini aliilalia kama mto, na asubuhi aliwafundishia watoto.

Hakuwahi kuwa mkuu wa somo lake. Kila faili lake lilipofunguliwa, onyo lilitangulia kuchungulia. Cheo alipewa Flávia, ambaye Suzete mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na Flávia anasema mpaka leo akimwita mwalimu wake ofisini, yeye Flávia ndiye husimama kwanza.

Jumatatu nilimpa Zainabo, karani wa shule, rasimu ile ya mwandiko wangu, pamoja na barua ya kuomba onyo lifutwe. Mkurugenzi wa Elimu wa wilaya akajibu kwamba atasaini akilisikia jambo hili kwa kinywa changu. Mwoga ni mwoga hata akizeeka: nilimpelekea Suzete wasifu huu, nikauliza kama niondoe habari za Kilwa, nisije nikamharibia sherehe. Ukarudi kesho yake na wino mwekundu. Amesahihisha koma mbili, amekata sentensi niliyojisifia, na pembeni ameandika: "Kilwa isitolewe. Asome mwenyewe, kwa sauti, amesimama."

Nimesimama. Mwalimu Suzete, ahsante kwa watoto wetu, ahsante kwa kunyamaza kwako nisikokustahili, na uniwie radhi. Mungu akujaalie miaka mingi ya kuamka bila kengele, shamba lenye mihogo minono, na wajukuu wabishi. Nawe Mheshimiwa Mkurugenzi, umesikia. Karatasi anayo Zainabo, na kalamu anayo. Sikai mpaka usaini, na miguu hii, kama unavyoiona, haiwezi kukungoja sana.