Mume Wangu Hatafuti Viatu

Wapendwa, nisikilizeni, na atakayekasirika akasirike akiwa ameketi.

Mnajua mume wangu alianguka hapa hapa Guangzhou, mtaani kwetu Dengfeng, asubuhi, akinywa chai. Moyo. Kumsafirisha kulinishinda, wakamchoma, nikakabidhiwa jivu. Shemeji yangu akapiga simu kutoka Kenya: "Mtu aliyechomwa hafufuki. Umemuua mara ya pili." Ndugu zangu, nawaambia, maneno hayo yalinimaliza. Kazi niliacha, hata kula nilikula nikikumbushwa.

Hapo akaja mama mmoja wa maombi, jina silitaji. Akasema amemwona mume wangu katika maono, anatangatanga Guangzhou pekupeku kwa kuwa hakuzikwa kwao. Anaomba viatu viwekwe kando ya jivu lake. Nami, mwanamke ninayebishana na wenye maduka kutwa nzima, sikubisha.

Nikaenda soko la viatu la Zhanxi, kwa mama Mchina tuliyenunua kwake miaka mingi. Nikaomba vyeusi, saizi arobaini na tatu. Akauliza, kwa Kiingereza chetu cha sokoni, mbona mwenyewe hakuja kuvijaribu. Mume wangu alizoea kutembea navyo hadi mlangoni na kurudi.

"Amekufa," nikasema. Tangu msiba sikuwa nimelitamka neno hilo. Nilikuwa nikisema ametutoka.

Akanitazama. Akakichukua kiatu mkononi mwangu, akakirudisha ndani ya boksi.

"Basi haendi popote," akasema.

Nililia pale katikati ya mikokoteni, kisha nikakasirika. Mimi niliyebatizwa, nafundishwa na mtu asiyejua hata sala moja. Si Neno linatuambia wafu wamelala hadi Bwana atakapowaita? Nikamwendea yule mama wa maombi, nikamwambia, "Mume wangu amelala. Mwache." Hajanisalimu hadi leo, na nimenenepa.

Najua wengine hapa mnaamini yuko peponi tayari. Tutabishana tukishuka ngazi. Lakini viatu hatafuti. Mtu akiwaletea salamu kutoka kwa marehemu, mfungulieni mlango atoke. Na Mungu aliyetuumba kwa mavumbi hashindwi na jivu.

Nawashukuru dada wawili Wakongo walionipikia na kulala kwangu wiki tatu. Namshukuru na yule mama wa viatu, ambaye hajui kwamba leo anatajwa kanisani.

Mwezi ujao nalipeleka jivu nyumbani. Mashemeji wamesema hawatalichimbia kaburi. Nitachimba mwenyewe.