Makasi na Ukingo wa Picha

Benchi letu liko nje ya karakana, hapo mtaani Montparnasse, wachapaji wanapotoka kuvuta sigara na kunywa kahawa ya mgahawa wa kona. Asubuhi ile mambo yalikuwa yameharibika. Makasi, mtengeneza fremu, alikuwa ameipunguza picha aliyoitengeneza marehemu Anselme ili iingie kwenye fremu, na ukingo alioukata ndio uliokuwa na jina la marehemu. Mchoro wenyewe ni wa mchoraji Dastugue, sawa. Lakini aliyeunakili juu ya mawe ya kuchapia, jiwe moja kwa kila rangi, mwaka mzima, ni Anselme. Sahihi ya Dastugue ilibaki. Jina la Anselme liliungua jikoni pamoja na mkaa. Na mjane wake alikuwa njiani kuifuata picha.

— We Makasi, hayo ni macho au vifungo vya koti? nikamwuliza. Nilikuwa na hasira, sifichi.

— Herufi zenyewe kama mavi ya nzi! Nilidhani uchafu.

— Mwambie panya wamekula, akasema Jiwe, mchapaji wetu.

— Panya gani anakula kwa rula? akadakia Msomi, anayetusomea magazeti bila kuombwa. Sikilizeni. Picha isiyo na ukingo si chapa tena, imepanda cheo. Mwambieni ni mchoro halisi.

— Dastugue akisikia je? Makasi akauliza.

— Dastugue mwenyewe alipoletewa chapa alidhani ni mchoro wake! Msomi akajibu.

— Basi Anselme ndiye Dastugue, Jiwe akasema. Yule mwenye ndevu anayejiita Dastugue ni kaka yake tu.

— Acheni upuuzi, nikasema. Mwambieni ukweli.

— Mwambie wewe! Makasi akanirudishia.

Mjane, Bi Léontine, akatokea, kofia nyeusi, mkoba kwapani. Tukasimama. Akaishika picha, akaipitia pembe zote.

— Hili jina la nani?

— La Dastugue, mama, Makasi akajibu.

— Mwaka ule mume wangu alikuwa anarudi nimeshalala. Eti yuko kazini, anatengeneza hii. Nikamwambia mwongo mkubwa, una mwanamke. Akaniapia, ngoja itoke, utaliona jina langu.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Sasa jamani, alikuwa wapi?

Jibu sote tulilijua: alikuwa hapa hapa karakanani, juu ya mawe yake. Makasi akainua kikombe. Kahawa ilikuwa imekwisha kitambo, akameza hivyo hivyo.