Maua Chini ya Kiti

Ndani ya basi, fundi cherehani alipakata kopo la maua mekundu ya kupanda kivulini, mbele ya dirisha la mama yake asiyeinuka kitandani. Mtunza bustani aliyeketi naye, aliyekwisha kusikia mpango huo, alishindwa kunyamaza. "Dada, yatachanua, ila mama hatayaona. Kivuli humeza wekundu."

"Mama anapenda nyekundu, kaka. Usinipangie."

 Yule bwana alisukuma kopo lake la maua meupe chini ya kiti, akaliomba na lile la mekundu, akaliweka kando yake. Fundi akainama. Mekundu yalikuwa yamezimika. Meupe yaliwaka kama taa. Miaka yote hiyo anachagua vitambaa, leo anafundishwa rangi na mtu mwenye udongo kwenye kucha, tena anafundishwa vizuri.

"Lakini mama anapenda nyekundu," alisema tena, taratibu. Basi likasimama, naye bado ameinama.