Fundi Boniphace Masatu na Chupa Iliyooshwa kwa Mchanga

Huyu tunayemlaza leo hapa Butiama ni Boniphace Masatu, fundi injini wa Kamunyonge, Musoma. Watoto walikuwa wameandaa wasifu mwingine, mfupi. Mkewe, Wankyo, ameukataa, akaleta huu. Ule ulikuwa na tarehe zote, ila kweli haikuwemo.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1952 hapa hapa Butiama, mtoto wa tatu wa Mzee Masatu na Mama Ghati, watu wa ng'ombe na mtama. Mama yake alisimuliaga kwamba akitumwa kuchunga, anakutwa ameweka sikio kwenye ubavu wa ng'ombe, anasikiliza tumbo. Ng'ombe wengine wako kwenye shamba la watu. Alichapwa sana kwa ajili hiyo, na hakuacha.

Shule ya msingi alisoma Butiama, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Akaenda Musoma kujifunza ufundi wa magari miaka miwili. Huko mwalimu mmoja alimwonyesha jambo lililomshika maisha yote: unachovya kijiti cha kupimia oili, unadondosha tone moja kwenye karatasi, unaiacha mpaka kesho. Tone likitanuka taratibu, katikati jeusi na pembeni linafifia, oili bado ina nguvu. Likibaki jeusi limejikunyata pale pale, oili imekufa. Pembeni pakiwa na meno meno kama msumeno, maji yameingia. Nyumbani kwake kalenda zote za nyuma zina matone mgongoni, na kila tone lina jina la gari na tarehe.

Alianza kazi mwaka 1970 kwenye karakana ya mabasi Musoma. Mwaka 1989 akafungua gereji yake Kamunyonge. Kitu alichokuwa akigombana nacho ni oili nzito. Mtu injini yake inagonga, anakimbilia dukani kununua oili namba hamsini ili inyamaze. Marehemu alikuwa anamwambia, "Umeizuia kulia tu. Ugonjwa umeuacha mle mle." Wengine walinuna, wakaenda kwa mafundi wengine, na baada ya miezi michache wakarudi wanavutwa kwa kamba.

Alifunga ndoa na Wankyo tarehe 14 Mei 1977, kanisani hapa Butiama. Siku ya posa, kwao Wankyo kule Bunda, wazee wamekaa, pombe imemiminwa, mposaji haonekani. Akakutwa nyuma ya nyumba, kidole kimejaa oili ya trekta la baba mdogo.

Baba mdogo akamuuliza, "Kijana, umekuja kuoa binti au umekuja kuoa trekta?"

"Binti, mzee. Lakini trekta ndilo linaloumwa."

Wazee walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe. Trekta lilikufa mwezi uliofuata kama alivyosema, na mahari haikuongezwa tena.

Mwaka 2011 ndugu mmoja wa familia, Machibya, alipata kazi kwenye maabara moja Mwanza. Akamwambia marehemu kwamba huko kuna mashine inayosoma oili vizuri kuliko karatasi. Inakuonyesha chuma kiasi gani, yaani silinda na ringi zinalika. Inakuonyesha shaba, yaani beringi. Inakuonyesha na vumbi, yaani injini inavuta hewa chafu. Marehemu alifurahi kama mtoto. Akawa anapakia vichupa kwenye basi la Mwanza, majibu yanarudi kwa karatasi. Sharti la Machibya lilikuwa moja: chupa iwe mpya, safi, kavu.

Sasa lisikilizwe jambo ambalo wasifu wa watoto haukulisema.

Juni 2014 Mayala wa Bunda, mwenye lori la kubeba pamba, alikuja kabla ya msimu. Alitaka kujua kama injini itahimili, na aweke oili gani. Siku hiyo vichupa vipya vilikuwa vimeisha. Marehemu akaita, "Mama Naomi, nitafutie chupa safi." Mkewe akachukua chupa ya samli. Akaiosha kama alivyofundishwa na mama yake, kama wanawake wote wa hapa wanavyoosha chupa yenye mafuta: akatia mchanga wa ziwani na maji ya moto, akatikisa, akasuuza, akaanika. Chupa ikang'aa. Akamkabidhi kwa maringo. "Hata ya dukani haijafika hapo."

Tone la kwenye karatasi lilitoka zuri, la duara, limefifia pembeni. Karatasi ya Mwanza ikasema vumbi limepita kiasi, injini inakula mchanga. Ila chuma kilikuwa cha kawaida. Marehemu alizunguka siku mbili na karatasi hizo mbili mkononi. Alisema peke yake pale barazani, "Mchanga ukiingia, chuma lazima kipande. Mbona hakijapanda?" Mkewe alikuwa anachambua dagaa hatua tatu kutoka pale. Alilisikia neno mchanga. Mikono ikasimama. Akajua. Akaendelea kuchambua.

Marehemu alikagua chujio la hewa na mipira yake, hakuona tundu. Akaona pengine vumbi limeanza juzi tu, chuma kitafuata. Akamwambia Mayala injini ifunguliwe kabla haijaliwa. Ikashushwa. Ndani ilikuwa inang'aa, silinda bado zina mikwaruzo ya kiwandani, dalili kwamba hazijalika. Mayala akasimama katikati ya gereji, watu wanasikia.

"Mzee Masatu, umenipasulia mgonjwa mzima! Pamba iko ghalani, lori langu liko juu ya mawe! Mchanga uko wapi? Nionyeshe punje moja!"

Marehemu akajibu, "Kosa ni langu, Mayala."

Mpaka vipuri vya kufungia vipatikane, pamba ilishabebwa na malori mengine. Tangu siku hiyo, kutoka Bunda mpaka Musoma, akaitwa Mzee Mchanga. Makondakta walimwita hivyo wakimpita barabarani. Wateja wakapungua. Na tangu siku hiyo hakumwomba mkewe chupa tena. Alinunua mwenyewe, akaziweka kabatini. Mkewe aliliona kabati lile kila siku, na mdomo wake ukafungwa kama umetiwa kufuli. Mwanamke aliyekuwa anagombana na soko zima alishindwa kusema maneno mawili: ni mimi.

Tarehe 21 Mei 2018 marehemu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa. Alilala ndani ya nyumba yao ya Bweri, hapo Musoma, miaka sita na miezi minane. Kitanda kiliwekwa dirishani, na dirisha lina nondo. Kiti cha magurudumu kilikuja, kikakwama mlangoni, kikarudishwa. Basi akawa hapo, anasikiliza magari yanapanda kilima, anasema, "Lile ringi zimekwisha," "Lile limetiwa namba hamsini," na hakuna anayemsikia ila mtu mmoja. Naye mtu huyo hakutoka pia. Alimgeuza, alimwosha, alimlisha. Walikuwa wawili mle ndani, na neno lile lilikuwa la tatu.

Wiki moja kabla hajafa aliomba kopo lililokuwa mvunguni. Ndani yake mlikuwa na chupa ya samli, ile ile. Machibya aliirudisha siku chache baada ya majibu. Chini yake kulikuwa na punje nyeupe.

Akasema, na maneno yake yalikuwa yanatoka kwa shida, "Mama Naomi, vumbi la Bunda ni jeusi, laini kama unga. Hizi ni punje za ziwani. Injini haivuti punje kubwa hivi ikabaki hai."

"Ulijua lini?"

"Wiki ile ile. Injini ilikuwa imeshafunguliwa."

"Na ukaitwa Mchanga miaka yote hii? Kwa nini hukusema, Baba Naomi?"

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nani tena angeniosheaga vitu vikang'aa hivyo?" Kisha akasema, "Nilikuwa nakusubiri uniambie."

Mkewe alifungua mdomo. Neno halikutoka hata siku ile. Aliishika chupa tu.

Mzee Boniphace Masatu alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, nyumbani Bweri.

Neno lile linatoka leo. Mayala upo hapa, umekaa na watu wa Bunda. Chupa iko juu ya meza, karibu na picha ya marehemu. Ulitaka uonyeshwe punje moja, njoo uzione. Zilitiwa na Wankyo. Tone la marehemu kwenye karatasi lilisema kweli, na jicho lake lilikuwa zima.

Ameacha mjane, Wankyo. Watoto wanne, Naomi, Prosper, Euphrasia na Nathan. Dada yake Rhobi. Wajukuu kumi na mmoja. Na kalenda zenye matone, ambazo asizichome mtu.

Mungu amlaze pema, apumzike kwa amani. Na kuanzia leo aitwe kwa jina lake, Boniphace Masatu. Mwenye haja ya kumwita mtu Mchanga, mjane yuko Bweri, mlango wa kijani.